Kaa la Moto Kutoka kwa Mama Elibariki

Harufu ya majivu yaliyolowa maji hainitoki puani. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi au ya sabuni ya kufulia. Mimi mtu akimwagia maji jiko la mkaa, hata leo, hata nikiwa sokoni Karatu nagombania bei ya vitunguu, nasahau nilichokuja kununua. Narudi palepale, nyumbani kwetu kwenye miteremko ya Oldeani, nina miaka kumi, mvua za masika zinapenya kwenye paa lililochakaa, na mama yangu amechutama mbele ya mafiga akipuliza moto ambao umeshakufa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya uhaba, ambapo kiberiti kiliulizwa kwa kunong'ona kwenye mlango wa nyuma wa duka. Moto ukizimika nyumbani, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae cha chungu, akapewa kaa moja au mawili juu ya majivu, mambo yakaisha. Majirani tulikuwa nao, tena karibu, na moshi wao tuliuona kila asubuhi. Lakini tangu baba alipokiri kosa mahakamani, hakuna aliyekuwa radhi tuguse moto wake.

Baba yangu aliitwa Boay. Alilima mahindi na maharage, alifuga ng'ombe wanne, na alikuwa mpole kiasi kwamba mama ndiye aliyetuchapa. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo aliitwa Lohay. Siku moja ya mavuno wote wawili walikwenda kusaidia kazi shambani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hhawu, na jioni wakanywa pombe waliyoandaliwa, kama ilivyokuwa desturi, kisha wakaondoka pamoja. Njiani waligombana kwa ajili ya ndama wa Lohay aliyezoea kuingia kwenye mahindi yetu, na baba akampiga fimbo ya kichwa. Pigo lilikuwa moja tu. Lohay alibebwa hadi hospitali na hakuzinduka tena. Kabla hajazikwa, wanaume wa mtaa walikuwa wameshakubaliana la kusema: Lohay alilewa, akaanguka korongoni. Walitaka jambo limalizwe nyumbani kwa ng'ombe na maombi ya wazee, polisi wasitie mguu. Bahati mbaya daktari aliliangalia lile jeraha na kusema si la mtu aliyeanguka, polisi wakaja, wakamchukua baba kwa kuwa ndiye aliyekuwa naye mwisho. Watu wote, mmoja baada ya mwingine, waliwaambia polisi habari ya korongo. Mimi nilikuwa nimemwona baba akirudi jioni ile bila fimbo yake, na mwanaume wa kwetu hatembei bila fimbo. Sikuuliza, wala hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilinyamaza tu, kama wakubwa wangu.

Baba alikaa mahabusu Arusha miezi minane. Siku ya kesi yake Mzee Hhawu na wanaume wengine sita walipanda lori la shamba la kahawa kwenda kuwa mashahidi wake, na waliondoka kwa furaha kama watu wanaokwenda kuchukua mahari. Mama alisonga ugali mkubwa tukiwasubiri, kwa sababu Mzee Hhawu alikuwa ameahidi kumrudisha baba na lori lile lile. Lilirudi kesho yake saa kumi alasiri, limejaa vumbi la Mto wa Mbu, na nilipokimbilia barabarani niliona wanaume wameketi juu ya magunia wameinamisha vichwa. Baba hakuwemo. Mzee Hhawu alishuka, akamtazama mama kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea, akasema, "Mume wako ametuvua nguo." Kisha akaeleza, bila kushusha sauti ingawa sisi watoto tulikuwa pale, kwamba baba alisomewa shitaka la kuua, akaulizwa kama ni kweli au si kweli, na hata kabla shahidi mmoja hajaitwa akajibu kwamba ni kweli, alimpiga yeye. Hukumu ingesomwa baada ya wiki mbili.

Mpaka leo nashangaa jinsi watu walivyolipokea lile neno. Nilitegemea wamkasirikie baba kwa kumuua Lohay. Wapi! Kwa miezi minane walijua kwamba amemuua, na walikuwa wakimlimia mama shamba na kumletea maziwa. Walimkasirikia kwa kusema. Wengine walisema amejitia kitanzi mwenyewe, wengine kwamba mahabusu imemharibu akili, na shangazi yangu, dada yake baba wa tumbo moja, alisema ni ubinafsi, maana yeye ameutua mzigo wake na kuwatwika wenzake. Nao walikuwa na haki ya kuogopa. Waliwaambia polisi uongo, uongo ule uliandikwa, wakautia dole gumba. Kila gari lililonguruma kwenye barabara ya Oldeani wiki ile, hata likiwa trekta la shamba, wanaume walitokomea kwenye mahindi. Niliwaona watu wazima, wenye ndevu, wamelala kifudifudi kwenye tope, na badala ya kucheka nililia.

Zaidi ya polisi waliogopa damu. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyoguswa na kifo kibaya hutengwa mpaka wazee waitakase, tunaita metimani. Wenye nyumba hawachangii na wengine moto, maji wala chombo, na ng'ombe wao hawachanganywi na ng'ombe wa watu. Mjane wa Lohay, Mama Elibariki, alikuwa ametengwa tangu siku ya msiba. Kipindi chake kilipaswa kuwa kimekwisha, lakini wazee walikuwa wakijizungushazungusha, kwani utakasaji hauna budi kutaja kilichotokea, na hakuna aliyetaka kukitaja. Sisi hatukutengwa, kwa kuwa kwa mdomo wa watu Lohay alianguka mwenyewe. Baba alipokiri, damu ikawa imepata mwenyewe. Asubuhi iliyofuata tulikuta matawi mabichi yamelazwa kwenye njia ya kuingia kwetu, alama ya nyumba iliyotengwa, na mama akaambiwa achote maji chini kabisa kijitoni, chini ya wanapochota wengine, alipokuwa akichota Mama Elibariki peke yake.

Shuleni mwalimu wetu, aliyetoka mbali na hakujali mambo hayo, alikataa nifukuzwe. Hata hivyo hakuweza kumlazimisha mtu kuketi nami. Dawati la watu watatu nikawa nalo peke yangu, na nyuma yangu walinong'ona kwamba wanaokiri hunyongwa, kwamba wewe ukikana unaweza kupona lakini ukishasema ndiyo wanaleta kamba. Nilirudi nyumbani nikihesabu siku za zile wiki mbili. Usingizini nilimwona baba akija na kigae kuomba moto, na mimi nikimfungia mlango.

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Paa la nyasi lilipaswa kuezekwa upya mwaka ule, na mwezekaji alikuwa jela. Maji yalifanya njia yake juu ya mafiga, na kabla mama hajasogeza sufuria moto ulichemka, ukafuka, ukanyamaza. Nadhani siku ile ndiyo niliyoanza kuichukia ile harufu. Tulishinda na mahindi yaliyolowekwa. Kesho yake mdogo wangu Fabiani, wa miaka minne, alianza kutetemeka kwa homa, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka zizini, mzito, wa baridi. Mama alimfunga Fabiani kifuani kwa shuka mbili, akanipa kigae. Alisema kuna nyumba moja tu ambayo haiwezi kutuambia tunaileta damu, kwa sababu damu iko kwao pia. Nilimwelewa mara moja. Nilimwomba aende yeye. Akaniambia, "Akiniona mimi atadhani nimekuja kumcheka. Wewe ni mtoto. Nenda, na akikuuliza jambo, usimdanganye."

Sijawahi kuogopa tena kama nilivyoogopa kwenye njia ile, na nimezaa watoto wanne, na nyati amenikimbiza. Mama Elibariki nilikuwa simwoni usoni tangu msiba. Kijitoni tulipishana naye akiwa amejifunika shuka hadi puani. Tuliambiwa kwamba laana ya mwanamke wa aina yake hupita kwenye macho. Kwenye njia yake pia kulikuwa na matawi, ya miezi minane, yamekauka, na yalivunjika miguuni pangu kwa kelele hata nikadhani mtaa mzima umesikia. Nilimkuta amepiga magoti mlangoni akipura maharage kwa kijiti, panga limelala pembeni yake. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Alikitazama kigae, akanitazama mimi, akauliza mimi ni mtoto wa nani, na alijua vizuri sana.

"Wa Boay," nikasema.

Akaweka kijiti chini. "Nimesikia watu wakipita huko juu wanamtukana baba yako. Hakuna aliyekuja kuniambia kwa nini. Amesema nini kortini?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba yeye ndiye pekee asiyejua. Mtaa mzima ulikuwa umekasirika, umejificha, umeweka matawi, na hakuna aliyevuka kumwambia mwenye maiti. Mkojo ulinitoka, nakiri, ukateremka miguuni mpaka kwenye tope. Nililitazama panga, nikakumbuka alichoniambia mama. Nikasema, "Amesema alimpiga yeye. Kwa fimbo. Lohay hakuanguka."

Aliketi chini. Mvua ya ukungu ilikuwa ikimlowesha na hakujali. Aliposema hakuwa akisema nami hasa.

"Miezi minane wananiambia mume wangu alikuwa mlevi asiyeijua njia ya kwake. Ile njia aliichimba yeye. Mpaka nilianza kumlaumu, marehemu wa watu."

Kisha aliinuka, akachukua kigae mkononi mwangu, akaingia ndani. Alichagua makaa matatu makubwa ya mti mgumu, akayalaza juu ya majivu makavu, akayafunika kwa samadi kavu ili upepo usiyale. Moto wake hakuwa ameuacha uzimike hata mara moja tangu atengwe, na hakuwa na wa kumwomba. Alinikabidhi kwa mikono miwili. "Sijamsamehe baba yako," akasema. "Mwambie mama yako hivyo. Na mwambie mtoto mwenye homa anyweshwe uji mwepesi, usiwe mzito." Sikuwa nimemwambia kwamba Fabiani anaumwa. Nadhani alikuwa amemsikia akilia. Korongo letu lilikuwa jembamba.

Fabiani alipona. Wiki ile ilipokwisha tulipata habari kwamba baba hakunyongwa: mahakama ilikubali kwamba hakukusudia, akapewa kifungo cha miaka mingi, akakitumikia karibu chote. Polisi hawakuja kwa ajili ya wale wengine, na wanaume wakatoka kwenye mahindi. Kabla ya mavuno wazee walizitakasa nyumba zote mbili siku moja, maana sasa kilichotokea kilikuwa na jina, na Mama Elibariki akarudi kuchota maji juu pamoja na wenzake. Baba alipotoka jela mvi zimemjaa, alikwenda kwa Mama Elibariki mara moja tu. Alisimama nje, akasema aliyoyasema, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Hawakusalimiana tena mpaka walipokufa, yeye wa kwanza, baba baadaye. Baba aliwahi kunieleza kwa nini alikiri. Alisema kule mahabusu kila mtu hudai hajafanya, na alichoka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Sasa nina mgahawa mdogo Karatu mjini, kando ya lami, wanapokula madereva wanaopeleka watalii kreta ya Ngorongoro. Napikia gesi, nazungusha kitufe, moto huo, na viberiti vimejaa droo nzima kwa woga tu, kwa sababu siwezi kupita dukani bila kununua kimoja. Habari za mahakamani hazingoji lori. Jaji hajaondoka kitini, wateja wangu wameshazipata kwenye simu. Mwezi uliopita mtu mmoja alikiri kuua, mbali huko, na madereva walibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema ni mjinga, angekana tu, ushahidi ulikuwa dhaifu. Mwingine alisema atapunguziwa miaka. Walicheka kidogo, bila ubaya. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka mezani. Nikawauliza kama kuna mtu aliyekwenda kumwambia mke wa marehemu, au naye ataisoma kwenye simu kama wao. Walinitazama, mmoja akasema, "Mama, hiyo haijaandikwa."