Mimi Ndiye Niliyepiga Mwano Siku ya Mkutano

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana kijijini kwetu siku hizi hata kuku wana simu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tisa, Msukuma, mjane, Mkatoliki, naishi upande wa Geita karibu na ziwa. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Sikuja kulalamikia mume wala wakwe. Nina jambo nimelibeba tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, na majina humu nimeyabadilisha.

Wakati huo uhuru ulikuwa bado mchanga, na kwetu kikazuka chama cha upinzani. Kilianza na wakulima wa pamba waliochoka kupangiwa kila kitu, wakajiunga na vibarua wa mgodini. Kilichotushangaza ni watu wake. Wasukuma, Wazinza wa ziwani, Wasumbwa kutoka Ushirombo, hata Wahaya na Waislamu wenye maduka, wote mkeka mmoja, wanabishana kwa Kiswahili cha kuungaunga. Mwenyekiti alikuwa mvuvi, Mzinza, nitamwita Baba Leokadia. Alikuwa mcheshi sana. Akikosea Kisukuma tunacheka, naye anacheka kutuzidi. Kila mkutano watu waliongezeka, na mimi mwenyewe nilikipenda chama kile, nisiwadanganye.

Baba yangu hakukipenda. Alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na cheo hicho kilikuwa kimefutwa. Alitumaini serikali mpya itamkumbuka ikisikia ametuliza kijiji. Hakutumwa na mtu, ilikuwa njaa yake mwenyewe. Asubuhi ya mkutano mkubwa wa chama aliniita nyuma ya zizi.

"Panda kule kwenye mawe, upige mwano. Sema ng'ombe wameibwa, wamepitishwa njia ya ziwani. Watakimbia wote, mkutano utakufa wenyewe."

Nikamuuliza, "Baba, na wakikuta hakuna ng'ombe?"

"Watarudi wamechoka, watalala. Nani ataumia?"

Kwa wasioujua, mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unaacha tonge, unachukua fimbo, unakwenda. Asiyekwenda anatozwa faini na kutengwa. Na kila anayeusikia anaupokea na kuupiga tena, kijiji hadi kijiji, mpaka haijulikani umeanzia kinywani mwa nani. Ndiyo maana kwetu hata mlevi hauchezei. Mimi niliuchezea, tena sikulazimishwa. Nilijiona mkubwa kwamba baba ameniamini kwa jambo zito.

Nikapiga. Nikaona wanaume wa mkutano wanainuka kwa mpigo mmoja na kukimbia. Ukapokelewa bonde la pili, ukapokelewa la tatu, ukaenda mbali nami nimesimama palepale juu ya mawe. Hapo ndipo woga uliponishika, nikapaza sauti, "Si kweli! Rudini!" Nani angesikia? Kuna mwano wa kuwaita watu watoke, wa kuwaambia warudi sijawahi kufundishwa.

Baba Leokadia alikuwa amechelewa kwa sababu alikuwa anakuja kwa miguu kutoka ziwani, anaswaga dume alilojitolea lichinjwe ili wanachama wale baada ya mkutano. Aliposikia vishindo akaliingiza vichakani, kulipisha kundi. Waliotangulia walikuwa watu wa kijiji cha mbele, hawamjui. Wakaona mtu peke yake anaficha ng'ombe, wakamuuliza kwa Kisukuma, kikamgomea kwa hofu. Wanasema alikuwa akirudia neno moja tu, "Mkutano, mkutano," na fimbo zikimshukia. Wenzake wa chama walifika ameshakata roho.

Wazinza wakasema Wasukuma mmetuulia mtu wetu. Wasukuma wakajibu kwa ukali, Wasumbwa wakarudi zao kwao. Chama kilichojengwa kwa mwaka mzima hakikumaliza hata wiki mbili. Baadaye ilipotoka sheria ya chama kimoja, kwetu haikukuta cha kufuta. Baba hakupewa cheo chochote. Alikufa bila kulitaja, nami sikulitaja.

Tangu siku ile sijapiga kigelegele. Harusi za wanangu wanne nimekaa mdomo umefungwa, watu wanasema mama huyu anaringa. Najua nikiufungua utatoka ule mwano wa kwenye mawe. Mara nyingine naosha vyombo mchana kweupe, nausikia unapokelewa bondeni. Nageuka kuwatazama wenzangu, nao wanaendelea na kazi zao.

Mungu ana mambo yake, nikaja kuolewa ziwani, kijiji kilekile cha mjane wa Baba Leokadia. Mimi na Mama Leokadia tumekuwa jumuiya moja miaka yote. Nimemlimia, nimempelekea maziwa, nimemuuguzia mtoto. Watu wananisifu kwa wema, na kila sifa inanichoma.

Sasa hainuki kitandani. Jana nilimwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia, "Marahaba mdogo wangu, kaa hapa." Akanishika mkono.

"Waliompiga baba Leokadia nimewasamehe, walidanganywa. Aliyepiga ule mwano ndiye aliyenishinda. Nitamsameheje mtu nisiyemjua? Wewe umetoka kule. Hata kama ni marehemu, nitajie jina lake, nilitamke mbele ya padre, nipumzike."

Nikamwambia nitawauliza wazee wa kwetu. Wazee gani? Nimebaki mimi.

Padre anakuja Jumapili kumpa mpako wa wagonjwa, na Mama Leokadia ameniagiza nitangulie kufika. Nikimtajia baba yangu, atamsamehe, ataondoka kwa amani akiwa ameushika mkono wangu. Nikijitaja mwenyewe, naogopa hatauweza msamaha huo, atakufa na kinyongo, na Leokadia hatanisalimia tena. Mliowahi kuomba msamaha kwa mtu anayewapenda, nielekezeni: Jumapili nimpe jina la nani?