Supu Niliyokataa Kuonja

Najua mnangoja nicheke pamoja nanyi, lakini mimi bado nina hasira, na aibu yenyewe nitaisema mwenyewe kabla Bahati, aliyekuwapo siku hiyo, hajaisema: mimi Kambale, mpishi wa miaka yote hii hapa Goma, niliwahi kudhaniwa nimetia sumu kwenye chakula, na kosa langu lilikuwa kufunga tu.

Enzi zile za Wabelgiji nilipika kwa Madame Rashel, Myahudi, ambaye mume wake alikuwa na duka la vitambaa mtaani Birere. Siku hiyo walikuwa wamefunga, hata maji hawanywi, wameketi sakafuni bila viatu vya ngozi, wanalilia hekalu lao la Yerusalemu lililobomolewa zamani sana. Sasa, mke wangu Masika alikuwa maternité, wodi ya wazazi ya jirani, tangu alfajiri (mimba mbili za kwanza zilitoka, msisahau hilo mkicheka), nikajiambia kama Mungu leo anasikiliza nyumba hii, basi anasikiliza na jikoni. Nikaapa: hakuna kitu mdomoni mpaka nisikie mtoto amezaliwa mzima.

Bahati, dobi wa nyumba, akacheka mpaka karibu aunguze shati la Bwana. "Weye ufunge? Mutu ya kuonja nyungu kila saa!"

Hapo ndipo aliponiharibia! Kwa kumkomoa sikuonja hata tone. Nilikuwa napika supu ya dengu ya kufungulia, naweka chumvi, nakimbilia ukuta wa mawe kuchungulia kama kuna mtu anatoka maternité, narudi, nimesahau, naweka chumvi, nakimbia tena (mara tatu? nne? Mungu ndiye anajua). Madame akauliza, "Kambale, umeonja?" Nikajibu, "Ndiyo, Madame." Nilidanganya, basi.

Nyota zikatoka, wageni wakakaa mezani, watu ambao hawajala tangu jana jioni, kijiko cha kwanza tu na Bwana akatema yote juu ya kitambaa cheupe. Akaniita mbele ya wote, akanisukumia bakuli. "Onja." Nikasema siwezi. "Onja!" Siwezi, Bwana. Mgeni mmoja akasimama akasema ni sumu, mwingine akashika tumbo, na Bahati, mnafiki yule, anayejua kila kitu, amesimama mlangoni anaangalia miguu yake! Mimi niliyeshinda na njaa kama wao, mimi ndiye muuaji?

"Nimefunga!" nikapiga kelele. "Nimefunga kama ninyi, bibi yangu iko anazaa!"

Madame akanitazama. "Nani alikutuma, Kambale? Hii ni kilio yetu." Eh! Neno hilo linaniuma hata leo.

Ndipo shemeji yangu akaingia mbio kupitia jikoni, bila hodi. "Masika amezaa! Mutoto mwanaume, analia nguvu!"

Nikachukua lile bakuli, nikanywa yote mbele yao huku machozi yananitoka, na kusema kweli ilikuwa mbaya sana, Bwana alikuwa na haki ya kutema. Madame mwenyewe akanimiminia maji, glasi tatu.

Mtoto yule sasa ana watoto wake. Mimi sijafunga tena siku ambayo nina chungu motoni, na mpishi asiyeonja simwamini, hata akiwa ni mimi.