Nusu ya Juu ya Ukurasa

Mwenye bucha wa Endarasha ndiye aliyemfanya Kabura ang'oe pareto yake yote kwa mikono yake mwenyewe. Hakumtuma, alimsomea tu. Bwana huyo hununua magazeti ya zamani ya kufungia nyama, na kabla ya kufunga huyasoma kwa sauti ya padri, kidole chenye mafuta kikitembea chini ya mistari, miwani ikiwa juu ya paji la uso ambako haimsaidii kitu. Akikuta neno gumu hukohoa na kuliruka. Akimaliza hupangusa kisu na kusema, "Imeandikwa." Nani abishane naye, hasa Kabura asiyejua hata a? Siku hiyo alisoma kwamba kiwanda hakinunui pareto tena. Nusu ya chini ya ukurasa, iliyosema ni pareto ya Timau tu, tena kwa mwezi mmoja, ilikuwa imeshakwenda na matumbo aliyonunua jirani yake Magdaline. Redio ya Salim dukani nayo ilisema ni Timau tu, lakini nani aulize redio na msomi yupo?

Pareto ikiwa imeshang'olewa, Saumu wa hoteli alimsomea Kabura ile nusu kutoka kwa Magdaline, naye akampelekea mwenye bucha, imekauka damu. Bwana akaitazama, akaitumia kumfungia mteja maini. "Ati nini, mama? Mimi nilisoma yenye nilikuwa nayo."

Siku hizi Kabura husikiliza redio kwanza, kisha Saumu humsomea gazeti zima, juu mpaka chini. Shamba limejaa magugu. Kiwanda hakidaiwi kitu. Anayedaiwa ni mwenye bucha: asimame siku ya soko mbele ya walewale waliomsikia, aseme alisoma nusu.