Stempu ya Saint-Pierre

Harufu ya sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, wakikaangwa hunirudisha jikoni kwetu Nguba, mjini Bukavu, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Humo niliroweka vipande vya bahasha mpaka stempu zijibandue zenyewe. Nilikuwa na miaka kumi, na nilizitaka hasa zile za mahali ambapo mwalimu hakuweza kunionyesha kwenye ramani ya darasani.

Tantine Zaituni, mke wa tonton wangu, yaani ndugu wa papa, alikaa nasi; alikuwa mtu wa Kigoma. Mumewe alipikia mabaharia, na alikuwa hajaandika mwaka mzima. Mchana mmoja ikafika kadi kutoka Saint-Pierre na Miquelon, visiwa vya Wafaransa karibu na Kanada. Stempu yake ilikuwa na samaki mwenye ndevu. Tonton alisema anahamia meli nyingine, akaweka anwani ya kumjibu. Tantine aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya kabati, akarudi kwenye kikaango. Nikamfuata. "Tantine, nipe timbre. Ni hii moja tu. Tantine." Bila kugeuka akasema, "Basi, tosha."

Kwetu Bukavu, kutosha ni kutoa, kubandua. Nikaitumbukiza kadi nzima. Wino ukapanda majini kama moshi wa buluu, na nilipoiinua, upande wa maandishi ulikuwa mweupe.

"Nani kakutuma?" tantine aliuliza, akininyang'anya kadi.

"Ni weye ulisema nitoshe."

"Mimi?"

Papa aliporudi nikaapa mbele yake kwamba tantine ndiye aliyeniambia nitoshe. "Mutoto hawezi kutunga neno kama hiyo," papa akasema. "Zaituni, sema tu ulikasirikia bwana yako." Tangu siku hiyo tantine aliitwa mwongo. Jibu halikuandikwa, kadi nyingine haikuja, na mvua zilipoanza alirudi kwao.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo. Neno hilo, tosha, nimelisoma vitabuni kwa maana ya wenzetu wa Tanzania, lakini sikuwahi kuliunganisha na jikoni kwetu. Mwaka huu, katika mgahawa mmoja Kigoma, niliomba maharage, nikaomba tena, na tena. Mama muuzaji hakugeuka. "Basi, tosha," akasema. "Utapasuka, baba."

Ilikuwa sauti ile ile ya uchovu, kama ya tantine. Kijiko kilibaki hewani. Siku ile tantine hakuniruhusu; aliniambia inatosha. Alikuwa amechoka na kelele zangu, nami nikaapa kwamba alinituma.

Nilimtafuta Zaituni mjini humo siku tatu, hakuna aliyemjua. Siku hizi namba ya mtu aliye ng'ambo hukaa kwenye simu, maji hayaifuti. Ya Zaituni sina. Nina stempu yake tu, safi, haina hata doa la ule wino wa buluu.