Hotuba Yangu Kuhusu Wake wa Uingereza

Mimi nikishasoma kitabu kimoja, lazima mtaa mzima ujue. Ndiyo maana Watanzania wenzangu waliponiomba niseme machache kwenye mkusanyiko wetu kule Inver Grove Heights, huku ughaibuni, sikubembelezwa. Nilichagua jinsi wanawake wa Uingereza, enzi za Malkia Victoria, walivyopigania kusoma vyuoni.

Wiki nzima nilijifungia na karatasi zangu. Mke wangu, msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Saint Paul, aliniletea chai na kuuliza hao wanawake walifanikiwaje. Nikamwambia atasikia siku yenyewe. Fomu yake ya chuo cha uuguzi ilikuwa imebandikwa mlangoni pa friji tangu baridi ianze, ikisubiri kauli yangu.

Siku yenyewe hakusikia kitu. Nilihutubia sebuleni, wanaume watupu, tukisubiri pilau. Wanawake wote walikuwa jikoni, na pilau lenyewe alikuwa analipika yeye. Wala sikuliona hilo. Nilikuwa nimenogewa kumwigiza mume wa Kiingereza anayemkatalia mkewe kusoma. Nilitoa kitambi, ambacho kwa kweli hakihitaji kutolewa, nikasema kwa sauti nzito, "Subiri kwanza watoto wakue, mama. Tutaona." Walicheka hadi mmoja akapaliwa na soda, kwa hiyo nikarudia.

Garini, tukirudi, kichwa bado kimenivimba, mke wangu akauliza, "Mlikuwa mnacheka nini vile?"

Nikamwigizia, usukani mkononi.

Hakucheka. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, akasema kutoka nyuma kwamba hapo baba haigizi mtu, hiyo ndiyo sauti yake ya kila siku.

Nilitaka kumkaripia, ila alisema kweli. Kila mke wangu alipoitaja ile fomu, nilimjibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Baba watoto," mke wangu akasema taratibu, "mwisho wa fomu ni Ijumaa. Mimi yangu nilishaituma jana. Masomo yakianza, Jumanne na Alhamisi jioni utapika wewe."

Nilifungua mdomo niseme tutaona. Nikaufunga.

Jumanne ya kwanza niliunguza wali, watoto wakala mkate. Mama yao alikuwa darasani.