Selpher na Vazi la Ijumaa

Serikali ikiamua jambo lake haikuulizi una nini sandukuni. Ilitangaza kwamba kila Ijumaa wafanyakazi wake wavae vazi la Kiafrika. Huko mtaa wa Jamhuri, Selpher, karani wa ofisi moja ya katikati ya jiji, akafungua sanduku akakuta kitenge kimoja tu, cha buluu, chenye ndege wa manjano. Kilikuwa sare ya matanga. Mabinti na wakaza-wana wote walishonewa walipomzika mama yake kule Bungoma, na tangu hapo hakuthubutu kukigusa.

Alikivaa. Angefanyaje? Kwenda na sketi ya kila siku ni kujitafutia maneno. Akaingia ofisini amejikunyata, akimwomba Mungu asiulizwe.

Mkubwa wake, Mwongeli, mwanamke wa Machakos asiyepitwa na kitu, akamwona pale mlangoni.

"Selpher, hiyo kitenge imekukubali. Ijumaa ijayo tushone hiyo hiyo sisi wote."

Wenzake wakaitikia kwa furaha. Selpher akapiga hesabu. Akinyamaza, wanawake wa idara nzima watazunguka mjini wamevaa msiba wa mama yake bila kujua. Akisema, ataambiwa ameleta mikosi kazini. Lakini kusema uongo hakujui, maskini.

"Madam, hii nilivaa tukizika mama yangu."

Mwongeli akashika mkono wa gauni lake mwenyewe, akalitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Na hii yangu tulishona tukizika ndugu yangu Mutinda."

"Yangu ni ya matanga ya shosho, nyanya yangu," akasema Ndunge wa masijala.

Karani mwenzao Annah peke yake ndiye aliyekuwa na kitenge cha harusi, na hata hiyo ndoa ilishavunjika. Alisema hivyo mwenyewe, wakacheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia.

Selpher akacheka nao huku machozi yakimtoka, na pumzi aliyoibana tangu alfajiri ikatoka yote. Kumbe hofu yote ile ilikuwa ya bure! Vazi wanalolihubiri wakubwa, wanawake hawa walikuwa nalo siku nyingi, ila walilipatia makaburini.

"Mama alikuwa anaitwa nani?" Mwongeli akamwuliza.

"Nanyama." Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina hilo mbele ya watu.

"Basi Ndunge, pitia Kenyatta Market ututafutie hiyo kitambaa," akasema Mwongeli. "Ijumaa ijayo tunamvalia Nanyama."