Mutoto alisema yaya yangu mwanamuke ni baba yake, karibu Zambia batunyime mutoto

Wakuu, mubakie salama wote. Mi niko mutu ya Kolwezi, Kiswahili yangu ni ya huku Katanga. Mwenye haimupendeze apite pembeni.

Hii ilinifikia mi mwenyewe. Kama minaongeza kitu, hii simu yenye minaandikia ikufe. Na mi niko fundi ya simu, itakuwa haya mara mbili.

Kaka yetu Kalala alikuwa anatumika ku mine ya shaba, Solwezi, kule Zambia. Muke yake alikufa wakati ya kuzala. Kisha myaka kidogo Kalala naye akafuata. Akabakia mutoto mwanamuke, jina Mujinga.

Ngojeni.

Kwetu Baluba ya Kasai, Mujinga ni jina ya mutoto yenye anazaliwa na kitovu imemuzunguka ku shingo. Jina ya heshima. Chekeni mumalize, tuendelee.

Yaya yangu Ngalula, dada yetu mukubwa, akasema huyu mutoto ni yangu, minaenda kumubeba. Ngalula hana mutoto. Bwana yake alimufukuza juu ya ile, na mama ya bwana alikuwa anamuita tasa mbele ya bajirani. Siku nilisikia, nilienda pale nikavunja kiti yabo. Si habari ya leo, lakini mujue.

Sasa, ku Zambia haubebake mutoto vile unabeba mbuzi. Adoption, korti, dossier. Tulipita Kasumbalesa, pale ku mpaka, kati ya makamyo ya shaba mara mingi, mpaka polisi moja ya barrière akaanza kuniita shemeji, macho yake ku Ngalula.

Mwisho kulibakia kitu moja: mama wa ofisi ya batoto asikilize mutoto mwenyewe, kisha aandikie juge ya korti ndiyo ao hapana.

Mutafsiri njo mi. Kingereza nilijifunza peke yangu ku YouTube, minabadilisha ma-screen ya batu.

Ule mama anamuonesha Ngalula, anauliza Mujinga kwa Kibemba: huyu ni nani yako?

"Ni batata."

Yaani, ni baba yangu.

Wakuu, kwetu dada ya baba haitwake shangazi. Haitwake mama mudogo. Ni tatu mukaji, baba mwanamuke. Kalala alikuwa anamufundisha vile ku simu tangu eko mudogo: salimia baba yako mwanamuke. Mutoto hakukosea hata kidogo.

Lakini mama akaweka biki chini. Anasema mutoto bamemufundisha uongo, na bamemufundisha mubaya.

Mi nikaruka na Kingereza yangu: "Madam, this woman is the father."

Akauliza kama minamuchezea. Nikarudilia na sauti ya juu, female father, female father, nikapiga meza.

Akanitosha inje.

Nikasimama ku dirisha. Kibemba minasikia. Ngalula mule ndani hasikie Kibemba, hasikie Kingereza, anashika tu sakoshi yake na mikono mbili. Nikajua nimeharibu.

Mama anauliza mutoto polepole: baba yako si alikufa?

"Ule mwanaume njo alikufa," Mujinga anasema. "Mwanamuke alibakia."

Mi nikasogea zaidi ku dirisha.

Mama akauliza nani alimuambia vile. Baba. Baba gani? "Ule mwanaume," mutoto anajibu, vile unaelezea mutu yenye kichwa yake inachelewa.

Ule mama alicheka mpaka akatosha malineti, miwani yake, ku macho. Akaniita nirudie, kwa sharti nitafsiri tu, maoni yangu nibakie nayo. Akasema ku mugini, kijiji ya nyanya yake, nabo banasemaka vile. Yeye alikomalia mu mji, alisahau.

Akasema ataandika ndiyo, Ngalula ni mama mulezi. Lakini akauliza Ngalula: tumufundishe mutoto akuite mama? Ku masomo, kule shuleni, itakuwa mwepesi.

Nilitafsiri polepole. Minajua vile yaya yangu aliingojea ile neno.

Ngalula akavuta mutoto karibu yake.

"Ku karatasi andika mama. Ku kinywa yake, uache vile Kalala aliweka."

Juge akakubali. Tuko Kolwezi.

Juzi masomo iliita bapapa, baba ya batoto tu, ku réunion. Ngalula akavaa liputa yake ya kitenge, akakaa ku banc ya bapapa. Mi nilimusindikiza. Papa moja akamuambia amekosa mulango. Nilikuwa tayari kusimama. Mujinga akanivuta shati, anasema nikae, papa yake atajibu mwenyewe.

Na alijibu: "Niko baba yake, ule mwenye alibakia." Ule papa alijisogeza akamupa nafasi.

Bon, kama unaenda inchi ya batu kubeba mutoto ya ndugu, eleza majina ya ukoo yenu mbele mutoto hajafungua kinywa. Na kama uko na moto kama mi, bakia inje tangu mwanzo.

Kwenu, dada ya baba munamuitaka namna gani? Andikeni, minasoma yote.

Lakini mwenye ataleta neno tasa ku huu uzi, aandike na pahali anaishi.